Wino Uliomleta Baba Yao

Binti yangu ana mashine ya kuchapa mabango pale Singida mjini, pana kama kitanda. Ukoo ulipotaka kukutana kwangu, tukaamua tuweke getini picha ya marehemu mume wangu. Binti akanichapia vipande viwili vya uso wake nichague.

"Hiki ni wino wa kampuni iliyotengeneza mashine," akasema. "Ni ghali, lakini haupauki upesi. Hiki ni wino wa bei nafuu, wa watengenezaji wengine. Jua la hapa likiupiga, Baba atakuwa mweupe."

Kwenye wino wa kampuni mume wangu alikuwa maji ya kunde, msafi kama bwana harusi. Yule sikumjua. Kwenye ule mwingine wekundu ulikuwa umezidi, na hapo nikamwona akirudi kutoka Itigi na madumu yake ya asali, vumbi mpaka kwenye kope, ananiuliza kama nimembakizia ugali.

"Huyu ndiye," nikasema.

"Mama, atapauka."

"Basi mtundike sebuleni. Hata alipokuwa hai, getini hakukaa."

Akacheka, akaenda kuchapa. Hadi leo yupo ukutani, na wajukuu ambao hawakumkuta akiwa hai humwamkia wakiingia.