Glavu za Mjomba Feruzi

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa, miaka ya tisini, hapa hapa Ibra, Omani, na tulikuwa tunawangoja wanawake kutoka Al Kamil waje kuniposa. Baba alikwisha kufariki. Dada yake, Shangazi Ruzna, ndiye aliyesimamia mambo yetu, na tangu asubuhi alikuwa akizunguka nyumba nzima hatulii.

Akaingia chumbani kwa mama, akaziona glavu zimetundikwa ukutani. Zilikuwa glavu za ngumi, kuukuu, ngozi imekauka na kupasuka.

"Ziondoshe hizi," akamwambia mama. "Na wewe, wifi yangu, nisamehe, lakini leo ukae jikoni. Wakikuulizia nitasema umesafiri."

Mama yangu alikuwa mweusi, mtu wa bara, Afrika Mashariki. Mimi nilitoka na rangi ya baba, Mwarabu. Nawe unaijua nchi yetu: kuna mambo watu hawayatamki hadharani, lakini wakija kuposa huyauliza. Asili yake nani? Mama katoka wapi? Lipo na neno la kumwita mtu kama mama, neno la mtumwa, na shangazi alikuwa akiliogopa neno hilo kuliko maradhi. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, na mimi niliogopa kama yeye.

Mama akasogea ukutani. Alizitungua glavu, akazifunga ndani ya kanga, akenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amezipakata. Nilijua ni za Mjomba Feruzi, kaka yake, aliyekufa bara kabla sijazaliwa. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

"Mama, zina nini hata zifichwe?"

Akautazama mlango kwanza, kisha akanieleza kwa sauti ndogo.

"Mji wetu ulikuwa wa reli, enzi za ukoloni. Wazungu walikuwa na klabu yao na ulingo wao. Mwafrika hakuruhusiwa kupigana na Mzungu. Sisi tukitazama kutoka nje ya seng'enge. Siku hiyo alikuja bingwa wao kutoka mbali, na aliyekuwa apigane naye akaugua. Ili mchezo usivunjike wakamchukua kaka yangu, kuli wa stesheni aliyezoea kupigana ngumi na wenzake, wakamwambia raundi ya pili aanguke. Akaitikia. Raundi ya pili ikaja, hakuanguka. Ya nne akaanguka Mzungu."

"Wakafanya nini?"

"Kimya. Hata sisi nje hatukuthubutu kufungua midomo. Refa alikataa kumnyanyua mkono. Jioni wakamvizia njiani, wakamvunja mkono wa kulia. Usiku ule hakurudi nyumbani, wala hakusema nani aliyemficha, na hakupigana tena. Nilimuuliza, kaka, kwa nini hukuanguka? Akaniambia, 'Niliogopa sana, dada. Lakini niliogopa zaidi kuishi nikijua nilijiangusha mwenyewe.'"

Hapo tukasikia gari inasimama nje.

Wageni walikuwa wanne. Nikawapelekea halwa na kahawa. Mama wa kijana aliyetaka kunioa, Bi Thuwaiba, alikuwa mpole wa maneno. Akanitazama, akauliza, "Na mama yako, binti yangu, hajambo? Mbona simuoni?"

Shangazi akafungua kinywa. Sijui nguvu niliipata wapi, mwanangu, maana ulimi ulikuwa umenikauka.

"Yupo jikoni, bibi. Namwita."

Nilipofika jikoni mama alirudi nyuma mpaka ukutani. "Usifanye hivi," akaninong'oneza. "Watakuacha."

"Na waniache."

Nilisema hivyo, lakini nilikuwa naogopa kama yeye. Nikamshika mkono. Tuliingia pamoja, naye bado amekumbatia lile furushi, kwa woga alisahau kuliweka chini. Bi Thuwaiba akauliza ni kitu gani. Mama akafungua kanga mbele ya wote, akasema, "Ni glavu za kaka yangu," kisha akaeleza habari yake yote, kwa Kiswahili chake cha bara, bila kuharakisha. Shangazi alikuwa amejifunika uso.

Walisikiliza. Walimaliza kahawa, wakashukuru, wakaondoka kwa adabu. Siku chache baadaye jibu likaja kwamba hapana nasibu, ndiyo namna ya kukataa kwa adabu.

Sitakudanganya, nililia. Kwa miaka hakuja mtu mwingine kuposa, na kila mlango ulipobishwa niliogopa habari gani tena inatujia. Shangazi alikaa muda mrefu hasemi nasi. Mwisho nikaolewa na mtu wa Nizwa, aliyemwamkia mama yangu shikamoo kabla hajaniangalia mimi.

Ilipofika miaka ya elfu mbili, watu wa ule mji wa reli wakafungua nyumba ya makumbusho, wakapata habari zetu kwa jamaa wa mama, wakaziomba zile glavu. Nilimsindikiza mama mpaka bara. Njia nzima alikuwa na hofu, akisema hakuna atakayemkumbuka. Tukampata mzee mmoja, haoni vizuri. Alizipapasa glavu, kisha akauliza, "Wewe ndiye mdogo wake Feruzi? Baba yangu ndiye aliyemficha usiku ule na kumfunga mkono. Tulikaa gizani tukingoja wavunje mlango." Mama hakuwahi kujua ni nani aliyemsitiri kaka yake. Akakaa chini palepale, akamshika mzee miguu.

Mwanangu, sikwambii usiogope. Mimi naogopa mpaka leo. Nakwambia hivi: akitokea mtu akakutaka umfiche aliyekuzaa ili upendwe, usikubali. Mume, kazi, cheo, chochote utakachokipata kwa njia hiyo utakilinda kwa hofu umri wako wote, na wala hakitakuwa chako. Na ukimwona mtu wako anaficha kitu kwa woga, usimcheke. Mshike mkono mtoke pamoja.

Mwenyezi Mungu akujaalie watu watakaokuuliza hali kabla ya kukuuliza asili, akupe ulimi usiokauka siku utakapouhitaji, na akuweke katika usalama wewe na kizazi chako. Amin.