Mdomo wa Bernado

Mama Rhobi wa Nyegina haaminigi fundi yeyote. Alipoleta kibandani kwangu Bweri CD ya video ya harusi yake niihamishie kwenye DVD, alikataa kuiacha. Akavuta stuli, akakodolea macho mikono yangu.

"Sauti inachelewa nyuma ya picha," akasema. "Miaka kumi na nane mume wangu Bernado ananiambia CD hii mbovu, niitupe. Kwa nini anataka niitupe?"

"Mimi nitajuaje?" nikamjibu, maana alishanichosha.

Nilianza na kwaya, kwa sababu makofi hayadanganyi. Nikasogeza sauti mpaka kila kofi likalia pale viganja vinapokutana. Padri akasema, mdomo na sauti vikaenda pamoja. Mama Rhobi akaapa, sawasawa. Ikafika zamu ya Bernado. "Ndiyo, nakubali" ikasikika, lakini yeye kafumba mdomo. Midomo iliyocheza ilikuwa ya msimamizi wake, Clementi, aliyesimama nyuma.

"Umeichezea!" Mama Rhobi akafoka. "Sogeza tena!"

Nikarudi kwenye makofi. Yalikuwa palepale.

"Mama, sauti imekaa sawa."

Kisha akatoa simu, akampigia mumewe.

"CD imepona," akamwambia. "Njoo uione. Na Clementi umlete."