Hadithi ya Simu Yenye Uso

Mjukuu wangu alinipa simu, na uso wa dada yangu ukacheka kutoka mji wa Kiwanja. Nikamkumbuka papa, baba yetu, aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja hapa Goma. Siku moja, tukiwa wadogo, aliokota gazeti kwenye takataka za bosi, akatusomea hadithi ya watu wa miaka ijayo wanaoongea kwa mbali huku wakionana.

Bosi akaingia chumbani kwetu. "Mwizi!" Alimpiga ngumi mdomoni, akamchapa kiboko mpaka shati likapasuka, akatupa gazeti kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akatoka. Harufu ya wino unaoungua ikatukaba.

Mama alimpangusa damu akilia. Papa akatema jino.

"Batoto, tulifikia wapi?"

Akaendelea kutusimulia. Mwisho alikuwa hajausoma, akautunga mwenyewe.