Nyumba ya Mu Tablette

Mi ile mambo ya kuona bitu bile habiko kweli ilinifurahisha tangu mwanzo. Mutoto wa mutoto wangu, wa kike, alikuwa ananiwekea telefone mbele ya uso, najiona niko na masikio ya sungura, na voile ya arusi ku kichwa. Tunacheka mpaka machozi. Anasema, "Kaku, iko siku batu batavaa malunette ku macho, bitu kama ibi utabiona kila fasi." Nikamuambia, "Basi mi batanitafutia lunette ya kunirudishia meno."

Sasa kwetu tulikaa karibu na kariere, shimo ya kuchimba majiwe. Bakipasua majiwe, nyumba inatetemeka, kibambazi, ukuta yetu, ikapasuka. Siku moja bakapita, bakachora musalaba nyekundu ku nyumba: mutoke, kariere inakuya huku. Muzee wangu, bwana yangu, hakushtuka. Yeye miguu yake ilikufa kitambo, alikuwa analala tu ku kitanda ya chuma. Aliuliza kitu moja: "Mama, mvula ikikuya, tutakuwa ndani ya nini?"

Njo akakuya mamuzele, binti mumoja wa kampuni ya kariere, amevaa gilet ya orange, mupole sana. Akanipeleka ku lupango mupya, kiwanja ya kutuhamishia, ku barabara ya Kasaji. Majani tu.

"Nyumba iko wapi?"

"Mama, tutawajengea, angalia humu." Akainua tablette.

Ee Mungu! Katikati ya majani nikaona nyumba, tole, bati ya bleu, fenetre mbili ya kuchungulia, na kikoni ya inje. Nikisogea, nayo inasogea. Nikizunguka, naona mugongo yake.

"Ile kikoni iko mbali," nikasema. "Bukari itafika baridi."

Akavuta na kidole, kikoni ikatembea! Nikapiga bigelegele mi peke yangu mu pori.

Mu kichwa yangu ile nyumba ilikuwa yetu tayari. Na kwetu, bibi haingie mu nyumba mupya mikono tupu. Anatosha moto ku kikoni ya zamani, anaipeleka ku mupya, anasonga bukari, ugali yetu, majirani banakula, njo nyumba inamujua. Basi kesho yake nikabeba makala ya moto mu mbabula, jiko yetu, kwa miguu, na jua yote ile. Nikawasha palepale kikoni ilisimama mu tablette. Mamuzele alikuwa pale na bengine, akafurahi: "Mama, cheka kidogo!" Akapiga picha na ile tablette: mi, moto, sufuria, na nyuma yangu nyumba ya bleu. Nikacheka na meno yote, yale yalibakia.

Juma mbili kisha, mashini ikaangusha nyumba yetu. Bakatuleta ku lupango, na kitanda ya muzee. Majani. Bakatupatia bashi moja ya kufunika juu, bakasema bamaçon ba kujenga banakuya. Hakuna maçon alikuya.

Nikaenda ku bureau ya kampuni. Tata mumoja akafungua kompyuta yake.

"Mama, we uliisha kuingia."

"Niliingia wapi?"

"Si we huyu mu picha? Moto inawaka, unapika, unacheka. Dossier, faili yenu, imefungwa."

"Tata, iyi nyumba iko mu tablette tu."

"Iko nyuma yako, mama. Hata tole naona."

Nikauliza mamuzele eko wapi. Bakasema alienda Fungurume, contrat yake ya kazi iliisha.

"Basi twende, tata. We uingie wa kwanza. Ukigonga kibambazi na kichwa, mi nitafunga kinywa."

Batu bote ku mulolongo bakacheka. Yeye hapana. Akasema motokari haina mafuta.

Mvula ilianza ile juma. Ikapita juu ya bashi, ikapita chini ya kitanda. Muzee akakohoa siku tatu. Mi namuchekesha, namuonyesha na kidole: "Hapa fenetre, hapa mulango." Akanitazama. "Mama, si uifunge basi, baridi inaingia." Tukacheka sisi wawili, yeye kicheko ikageuka kikohozi.

Alikufa asubuhi, mvula ikinyesha. Kwetu maiti anatoka mu mulango ya nyumba yake, miguu mbele, wanawake banalia huku na huku. Banaume bane bakainua kitanda, bakasimama, bananiangalia.

"Mama, tupite wapi?"

Nikaangalia ile majani, pembe zote.

"Popote, batata," nikabaambia. "Popote iko wazi."