Makaa Hayaendi na Maziwa

Aibu hii nimeibeba miaka mingi na sasa nimechoka nayo, kwa hivyo wacha niwaambie ilivyokuwa, na mkitaka kucheka chekeni tu, uwanja mzima ulishanicheka siku ile na sikufa.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa mwalimu wa darasa la nne kwenye shule ya shamba moja la majani chai, upande wa Kericho. Mimi ni Mmaragoli, na shule ile ilijaa watoto wa kwetu magharibi, maana wazazi wao ndio waliochuna majani na kuishi kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba. Watoto wa Kipsigis walikuwa wachache (ndiyo, kwenye ardhi ya babu zao, lakini ndani ya ua wa shamba wao ndio walioonekana wageni), na mmoja wao alikuwa Chelang'at, msichana aliyetembea kila asubuhi kutoka upande wa Kimulot, akafika na matope mpaka magotini, akakaa dawati la mbele na kuniuliza maswali mpaka kengele ilie.

Mwaka ule tukaletewa bahasha ya mtihani wa akili. Tuliambiwa haupimi masomo, unapima akili yenyewe, kwa hivyo hauna upendeleo, na mtoto atakayeongoza atapewa nafasi ya shule ya bweni. Ilikuwa nafasi moja tu. Baba yake Chelang'at alikuwa amesema wazi kwamba njia ni ndefu mno kwa msichana anayekua, na mwaka ukiisha bila bweni, masomo yameisha.

Swali la kumi na mbili lilikuwa na picha nne: ng'ombe, ndoo ya maziwa, chupa na kipande cha makaa. Mtoto achague kimoja kisichoenda na vingine. Chelang'at akainua mkono.

"Mwalimu, ni chupa, lakini nataka kueleza kwa sababu..."

"Jibu tu," nikamwambia. "Usieleze."

(Mimi huyo, ambaye mke wangu husema nikiulizwa saa naeleza kwanza jinsi saa inavyotengenezwa.)

Karatasi ya majibu ilisema makaa. Nikamkosesha, nikaendelea. Tulipojumlisha, mtoto wa karani wa kiwandani alimpita Chelang'at kwa alama moja. Nikafunga bahasha, nikaituma, nikalala vizuri kabisa.

Siku ya wazazi ikafika, na bwana mkaguzi akaja kutangaza matokeo. Akina mama wa Kipsigis walileta mursik kwa wageni, maziwa yaliyoganda ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wao maalumu, ndiyo maana yana ule ukijivu na ile harufu tamu ya moshi. Nikapewa kikombe kikubwa. Nikanywa, nikaongezewa, nikasifu. Sasa mzee mmoja akauliza huo mtihani wa akili ni kitu gani, na mkaguzi akasema kwa kifupi kwamba ni siri ya ofisi, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: nikasimama kueleza.

Nikaeleza kwa upole, kwa mifano, kikombe mkononi. Nikawatajia zile picha nne. "Ng'ombe anatoa maziwa," nikasema, "maziwa yanatiwa kwenye chupa. Lakini makaa? Makaa na maziwa, wazazi wangu, wapi na wapi?"

Wakanikazia macho. Nikadhani wamevutiwa. Kisha nikasikia mtu anakohoa kicheko nyuma, na Bot Chelang'at, yaani mama yake, mwanamke mrefu asiye na haraka, akasimama.

"Mwalimu, samahani. Panguza mdomo kwanza."

Nikapanguza kwa kitambaa cheupe alichonishonea mke wangu. Kikatoka na mstari wa kijivu, na vipande vidogo vyeusi juu yake.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni... makaa, mama."

"Na hiyo ingine?"

"Maziwa."

Uwanja ukaangua kicheko. Watu wa laini walicheka, Wakipsigis walicheka, mpishi wa shule alishika mti. Mzee aliyeuliza swali akasema, "Mwongezeeni mwalimu, bado hajaelewa," wakacheka upya. Nami nilicheka pia, kwa kuwa sikuwa na mahali pa kukimbilia, mpaka nikaona Bot Chelang'at peke yake hacheki.

"Hii ndio swali mtoto yangu alianguka?"

Nikasema ndiyo.

"Alianguka ngapi?"

Nikasema alipitwa kwa alama moja. Kicheko kikakatika.

Nikamgeukia mkaguzi, nikamwomba mbele ya watu wote tulirekebishe. Akanijibu taratibu, bila ubaya, "Mwalimu, ni wewe uliyesahihisha. Nikibadilisha hili, kesho kila mzazi atakuja ofisini na kibuyu chake." Akamtangaza mtoto wa karani, ambaye hakuwa na kosa lolote, na makofi yakawa machache.

Niliandika barua tatu. Nikajibiwa moja: majibu hayabadilishwi. Nikapanda mpaka Kimulot kumwona baba yake Chelang'at, nikanywa mursik nikiangalia chini, na Bot Chelang'at ndiye aliyeamua. "Wewe ulimfungia njia, basi akae kwako." Akakaa kwetu mwaka mzima, akarudia darasa ambalo alikuwa amelimaliza, akilala na binti zangu na kumfundisha mke wangu kusugua kibuyu.

Mtihani ukarudi, karatasi zile zile. Safari hii msimamizi alikuwa mwingine. Chelang'at akaongoza, akapata nafasi. Jioni ile nikamuuliza swali la kumi na mbili aliandika nini.

"Makaa."

"Kwa nini, na wewe unajua makaa yanaenda na maziwa?"

"Si ndiyo wanataka, mwalimu?" Akasema polepole, kama mtu anayenifundisha mimi. "Nikieleza hawasikii."

Siku ya kuondoka, mama yake alimletea kibuyu kipya cha kwenda nacho bweni. Nilipotoka darasani nikakikuta nyumbani juu ya meza yangu. Chelang'at alikuwa amemwambia mke wangu kwamba huko bweni wanatumia chupa.

Bado ninacho. Tangu siku ile sijamkosesha mtoto kabla sijamuuliza kwa nini, hata kama kengele imelia, hata kama nimechoka vipi, na walimu wenzangu hulalamika kwamba nasahihisha daftari moja kwa saa nzima. Wananiuliza ninatafuta nini humo. Nawaambia wangoje kidogo, mtoto bado anaeleza.