Jirani Niliyemuita Mugeni

Kijana mwenye bunduki alipitisha kidole kwenye kipaji changu cha uso, polepole, kama mutu anayetafuta tundu kwenye sufuria. Akawaambia wenzake: «Hakuna alama. Huyu si mwanamuke wa Maniema. Leteni kamba.»

Ilikuwa wakati wa vita, muchana kweupe, pale bariere, kizuizi walichofunga njiani karibu na reli.

Alama waliyoitafuta ni ya kitunga, kikapu cha mgongoni. Wanamuke wetu wanabeba mihogo mgongoni, kamba ya kitunga imepita kwenye kipaji; miaka ikienda, ngozi inabonyea. Vijana wale walishika neno moja: asiye na alama ni adui. Mimi nilizaliwa kambi ya reli, mihogo tulinunua sokoni. Kitunga sikukibeba hata siku moja. Na Mungu alinipa urefu na pua nyembamba, sura waliyoiita ya adui.

Lakini si wao walionishuku kwanza. Mimi nilikuwa napita tu. Aliyeninyoshea kidole ni fundi wa kinga, wa baiskeli, wa avenyu yetu, yule aliyekula pilau kwetu kila Idi. Alikuwa ameketi nao, anatengeneza kinga yao. «Angalieni ile pua,» alisema. «Wa kwetu njo huyu?» Na alinijua tangu natambaa!

Nilikuwa nimeshapigishwa magoti wakati jirani yangu alipotokea na beseni lake la mikate. Mama wa Kasai, mukoa wa mbali. Mimi nilikuwa namuita mugeni. Nilisema watu wa Kasai wanapenda faida tu, hata chumvi hawakugawii. Wiki mbili tulikuwa hatusalimiani: nilivunja muchi wake nikitwanga sombe, majani ya mihogo, halafu nikakana.

Akatua beseni, akanizaba kofi.

«We mukaidi! Umejificha huku? Muchi wangu iko wapi?»

«Mama, si mimi.» Hata pale, na kifo mbele yangu, nilikana!

«Si wewe? Uongo huo ulijifunza kambi ya reli, sasa unapiga magoti nikuhurumie? Simama! Twende ukanitafutie muchi!»

Vijana wakacheka. Mukubwa wao akasema: «Wa hapahapa huyu. Mutu hagombani hivi na mutu aliyefika jana. Mama, mupeleke.»

Alinivuta kwa sikio mpaka nyumbani kwake. Tulipofunga mulango njo akalia kuliko mimi. Wangemuuliza yeye anatoka wapi, tungekufa wawili.

Yeye nilimupima kwa Kasai yake, kama wao walivyonipima kwa pua. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na bunduki. Leo mikono yake inamuuma. Sombe yake natwanga mimi, na watoto wangu wanamuita bibi. Wasingezaliwa bila yeye. Namushukuru kila ninapowasikia wakigombana uani.

Na fundi? Yuko. Ni muzee wa avenyu sasa, watu wanamuamkia. Juzi wakimbizi walifika, binti mumoja akamuomba maji. Nilisikia kwa masikio yangu: «Geuka kwanza, nione hiyo pua.» Maji tulimupa sisi, mimi na mama wa Kasai.

Baba fundi, uko hai, na mimi niko hai. Simama mbele ya avenyu nzima, yule binti akisikia, ujibu: ulinijua tangu utoto, kwa nini ulinitoa niuawe?