Mvua ya mawe ilivyoangusha ukuta wa nyumba yetu Lushoto, miaka ya hamsini

Wakuu, salaam nyingi kutoka Usagara, Tanga. Mimi ni bibi, umri umeshavuka themanini. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kabla ya Uhuru niliolewa na Mshambaa, fundi seremala, akanipandisha kwao Lushoto. Mimi mtoto wa mjini Tanga, baridi naijua ya kusikia tu.

Nyumba ilikuwa ya udongo, bati juu, imejengwa ubavuni mwa mlima. Nyuma palikuwa na mtaro wa kupitisha maji yanayoshuka.

Siku hiyo mchana mume wangu yuko kazini. Mwanangu wa miezi minne kalala kitandani, kando ya ukuta wa nyuma.

Mara mbingu ikawa nyeusi, kishindo kikaanza juu ya bati. Wallahi nilidhani watu wanatupiga mawe! Nikamnyakua mtoto, tukaingia chini ya meza. Alikuwa analia, mdomo nauona, sauti siisikii.

Mvua ilipokatika nikafungua mlango.

Jamani! Uani kweupe pe. Mahindi yamelala yote, kuku wawili wamekufa, barafu inafika kwenye vifundo vya miguu. Sijawahi kuona kitu kile.

Nikamrudisha mtoto kitandani, nikatoka na sufuria kuokota barafu. Nacheka peke yangu (ujinga wa usichana huo, mnisamehe). Nilitaka mume wangu akirudi aione.

Mama mkwe akaja mbio kutoka shambani, kaloa, damu inamtoka kwenye paji.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mama."

"Mtoe! Mtoe sasa hivi!"

Nikashangaa, si mvua imeshakatika? Hakungoja. Akanipiga kikumbo, akaingia, akatoka na mtoto kifuani.

Akanipeleka nyuma. Barafu yote iliyoteleza kwenye bati ilikuwa imejaa mtaroni, imeshindiliana kama saruji. Maji ya mlimani yamekosa njia, yanaingia chini ya ukuta.

Akanipa mtoto, akashika jembe azibue. Alipiga mara tatu tu, akaruka nyuma.

Ukuta ukaenda. Wote. Kwa ndani, juu ya kitanda.

Sikulia hata. Nilikaa chini palepale kwenye barafu, meno yanagongana, namtazama mwanangu usoni. Mama akavua kanga yake ya juu akatufunika.

"Hukujua, mwanangu," akasema.

Basi. Hakuligusia tena mpaka anafariki, wala hakumwambia mwanawe, yaani mume wangu, kwamba alinikuta naokota barafu. Mimi pia sikumwambia. Ninyi ndio wa kwanza.

Nilichojifunza: mawe yakiisha kudondoka, hatari haijaisha. Kimbilia kuangalia mtaro kwanza, na usilaze mtoto upande wa mlima.

Mwanangu yupo Pangani, ana wajukuu sasa.

Wa Lushoto, Soni na Mlalo, kwenu ilishawahi kuwatokea? Na wewe ungekuwa mama mkwe wangu, ungenyamaza?